Mwenye kisukari asitulizwe na LDL peke yake

Chukua majibu haya ya mtu mwenye kisukari cha aina ya 2: lehemu (kolesteroli) yote 4.6, HDL, ile iitwayo lehemu nzuri, 0.8, trigliseridi, mafuta mengine ya damu, 3.3, LDL, ile iitwayo lehemu mbaya, 2.3, zote kwa milimoli kwa lita. Maabara nyingi haziwekei LDL hiyo alama yoyote, na mgonjwa huambiwa mafuta yake yako sawa. Hayako sawa. Toa HDL kwenye lehemu yote, yaani 4.6 kutoa 0.8, unapata 3.8. Hiyo ndiyo lehemu isiyo ya HDL. Kwa mgonjwa mwenye hatari kubwa ya maradhi ya moyo, miongozo ya Ulaya ya 2019 inataka LDL iwe chini ya 1.8 na lehemu isiyo ya HDL chini ya 2.6. LDL yake imezidi kwa 0.5, ile nyingine imezidi kwa 1.2. Tofauti hiyo ndiyo inayofichwa na karatasi ya majibu.

Mafuta hayachanganyiki na damu, kwa hiyo husafiri ndani ya vifurushi viitwavyo lipoprotini. Kila kifurushi cha LDL, cha VLDL (vile vikubwa vinavyotoka kwenye ini) na cha mabaki yake kina molekuli moja tu ya protini apoB-100. Lita 20 za mafuta ya kula zinaingia kwenye dumu moja, au kwenye chupa 40 za nusu lita. Kipimo cha LDL kinakwambia lita; kipimo cha protini hiyo, apoB, kinahesabu vyombo. Na kinachopenya ukuta wa mshipa na kunasa humo ni chombo, pamoja na kilichomo.

Kwa mwenye kisukari au kitambi, vyombo huwa vingi kuliko lita zinavyoonyesha. Insulini ikikosa nguvu, seli za mafuta humwaga asidi za mafuta, na ini huzigeuza kuwa VLDL kubwa zilizojaa trigliseridi. Protini nyingine, apoC-III, huzuia kimeng'enya cha kuzivunja, hivyo VLDL hukaa muda mrefu katika damu. Hapo protini ya CETP hufanya biashara ya kubadilishana: LDL na HDL hupokea trigliseridi na kutoa lehemu. Kisha kimeng'enya cha ini huziondoa trigliseridi hizo, na LDL hubaki ndogo, nzito, na zenye lehemu kidogo kwa kila moja. HDL nazo husinyaa na nyingi huishia kwenye figo. Ndiyo maana trigliseridi zilizopanda, HDL iliyoshuka na LDL inayoonekana ya kawaida huja pamoja, kama ndugu wa tumbo moja.

Sishauri mtu alipie vipimo ghali vya ukubwa wa LDL. Ukishajua idadi ya vifurushi, ukubwa hauongezi la maana.

Kuhangaikia trigliseridi au HDL peke yake nako ni kosa. Dawa ya torcetrapib ilipandisha HDL sana, lakini jaribio lake lilisimamishwa 2006 kwa sababu vifo viliongezeka. Katika jaribio la PROMINENT, lililotangazwa 2022, dawa ya pemafibrate ilishusha trigliseridi kwa takriban robo kwa wagonjwa zaidi ya 10,000 wa kisukari. ApoB haikushuka, na matukio ya moyo na kiharusi hayakupungua. Linganisha na jaribio la CARDS la 2004: atorvastatini, dawa ya kundi la statini, miligramu 10 kwa siku, kwa wenye kisukari ambao LDL yao haikuwa juu sana, ilipunguza matukio makubwa ya moyo na kiharusi kwa asilimia 37. Statini hupunguza vifurushi vyenyewe.

Kingine: LDL kwenye karatasi nyingi haikupimwa, imekokotolewa kwa kanuni ya Friedewald ya 1972, lehemu yote kutoa HDL kutoa trigliseridi gawanya kwa 2.2. Trigliseridi zikizidi 4.5 kanuni haitumiki, na hata kabla ya hapo huelekea kuonyesha LDL ndogo kuliko ilivyo pale ilipo chini tayari. Lehemu isiyo ya HDL haina tatizo hilo. Haidai mgonjwa afunge kula, wala haigharimu hata senti moja ya ziada. Naomba kila maabara iichape kwenye karatasi, na apoB ipimwe pale inapopatikana: lengo ni chini ya 80 mg/dL kwa hatari kubwa, chini ya 65 kwa hatari kubwa mno.

Tahadhari kwa wasomaji wa kwetu: tafiti za Wamarekani weusi na watu wa Afrika Magharibi zimeonyesha trigliseridi za kawaida hata pale usugu wa insulini, yaani insulini kukosa nguvu, upo. Kwa hiyo trigliseridi za 1.2 zisimwondolee mtu mwenye kitambi kipimo cha sukari.

Trigliseridi zikiwa juu, anza na sukari isiyodhibitiwa, soda, pombe, tezi ya shingo inayofanya kazi kidogo mno, na dawa kama steroidi. Kupunguza uzito kwa asilimia 5 hadi 10 huzishusha kwa takriban asilimia 20. Zikifika 10, usisubiri kliniki ijayo: hapo kongosho liko hatarini.