Kabla Hamjaamini Klipu ya Mpiga Besi

Basi sawa. Kwa kuwa mpiga besi wetu ameshairusha kwenye magrupu yote ile klipu ya sherehe ya kumuaga binti, mimi nikiwa kwenye kinanda, tena kwa jina la "Sendofu ya Mwendokasi", acheni na mimi niseme. Mliokuwa mnanitumia vikatuni vya mabasi, nimewaona. Mungu naye kawaona.

Mzee mwenye binti alitaka wimbo wa kwaya wa zamani, wa enzi za kaseti, amwingize nao mwanaye ukumbini. Shangazi mtu aimbe, sisi tupige laivu. Wimbo wenyewe ukaja WhatsApp: kaseti inalia kwenye redio, mtu anairekodi kwa simu, jogoo anawika katikati ya kiitikio. Mimi nilitakiwa nijue vitu viwili tu: ki, yaani noti ambayo wimbo umejengwa juu yake, na spidi, yaani mapigo mangapi kwa dakika.

Sasa mimi nimekulia kwaya. Ki inatafutwa kwa mdomo: unaguna ile noti ambayo wimbo ukifika unatulia, unaisaka kwenye kinanda, hiyo ndiyo do yako. Spidi unapiga makofi sekunde 15, unazidisha kwa 4. Haili chaji wala bando. Lakini nilikuwa nimeshusha programu mpya kwenye simu, na mtu mwenye programu mpya hapigi makofi. Nikaisikilizisha. Ikajizungushazungusha, ikajibu: A maina, 144. Nikaandika kwenye kikaratasi, nikakibandika juu ya kinanda, nikaenda kula pilau.

(Wanamuziki mmeshaanza kucheka. Subirini.)

Kwa wengine: C meja na A maina zina noti zilezile saba, vitufe vyeupe vitupu. Tofauti ni wimbo unalala wapi. Programu iliona noti, haikuona kitanda. Na ule wimbo ni wa 72, ila una manyanga yanayogonga katikati ya kila pigo, yakahesabiwa nayo. 72 mara mbili ni ngapi? Eeeh.

Mazoezi? Shangazi alikuwa saluni.

MC akaita. Taa zikazimwa, mlango ukafunguliwa, simu zote juu. Mzee ndani ya suti ya kijivu, fimbo mkono wa kulia, binti mkono wa kushoto, nyuma wapambe wawili wamebeba mkia wa gauni. Binti kafundishwa kutembea: hatua, tulia, hatua, tulia. Nikabonyeza kitufe cha kuanza.

Ngoma ikatoka mbio.

Mzee akasimama. Akanitazama. Akatazama sakafu. Halafu, kwa kuwa ni mtu mzima mwenye adabu zake, akaamua kuifuata. Hatua, hatua, hatua, hatua. Fimbo ko-ko-ko-ko kwenye marumaru. Binti anaburutwa, habari ya kutulia imekwisha. Mpambe mmoja akaachia mkia, mwenzake akaukanyaga. Mpiga picha, aliyekuwa anarudi kinyumenyume ili awapate vizuri, aliongeza mwendo mpaka akakaa mapajani kwa mweka hazina wa kamati.

Hapo ndipo shangazi akapokea maiki. Shangazi anaimba sauti ya kwanza na sikio lake ni la hatari. Akasikia A yangu, akaifanya do. Kwa hiyo yeye yuko A meja, mimi niko A maina. Mi yake, ile ya do-re-mi, ni C shapu, kidole changu kimekaa kwenye C. Noti mbili zilizopakana zinagombana kwenye spika za ukumbi mzima. Mama mmoja wa meza ya mbele akaziba sikio. Moja tu, lile la upande wangu.

Nikasema nipunguze spidi kwanza. Kinanda changu bwana, kitufe cha kujumlisha na cha kutoa vinatumika kwa kila kitu, inategemea mara ya mwisho ulichagua nini. Mimi nilikuwa nimeacha kwenye kupandisha na kushusha ki. Nikabonyeza kutoa. Spidi ileile, ila wimbo mzima ukashuka nusu toni. Nikadhani kitufe kimegoma. Nikabonyeza tena. Tena. Nikakikandamiza.

Na shangazi, mwanakwaya kwelikweli, akanifuata! Kila nikishuka, naye huyo. Akaipita sauti ya pili, akaisalimia ya tatu, akaingia kule ambako wanaume wa besi hukohoa kwanza kabla ya kuanza. Neno "furaha" alilitoa kama anatangaza msiba. Macho yamemtoka, mshipa wa shingo umesimama, lakini do hajaiacha. Wakati huo mzee na binti wameshafika meza kuu, wanahema, na beti ya kwanza haijaisha. Wimbo una beti nne.

Yaliyofuata ni mafupi. Mpiga besi akachomoa waya huku anacheka, MC akasingizia umeme, binti akarudishwa mlangoni, tukaanza upya kwa C na kwa makofi. Ilipendeza sana. Hiyo hakuna aliyeirekodi. Shangazi aligoma kushika maiki, akaimba mdogo wake.

Baki ya hela yangu iko kwa yule mweka hazina. Nikimpigia ananiambia yuko kwenye kikao cha sendofu. Sendofu gani tena, jamani?