Kompyuta iliyogoma kuwaka baada ya shoti hainipi presha, iliyowaka ndo naiogopa

Mwezi wa kumi mwaka jana, saa nne asubuhi, nipo kwenye stesheneri yangu hapa Chikongola, Mtwara, natoa kopi, mara feni ikaanza kuvuma kama inataka kung'oka darini, taa zikawa nyeupe peee, kabla sijaifikia swichi nikasikia paa! chini ya meza halafu ikaja harufu, sekunde ya kwanza nikajua jirani kaunguza samaki. Kumbe samaki mwenyewe ni kompyuta yangu.

Fundi umeme alivyopima kwenye soketi mita ikasoma volti 340, wakati kawaida yetu ni 230 hivi. Akasema nyutro, ule waya wa kurudishia umeme, imeachia kwenye nguzo, na nyutro ikiachia nyumba za fezi tofauti, yaani nyaya tofauti za moto, zinagawana ile volti 400 ya kati ya fezi na fezi, mwenye matumizi madogo ndo anaangukiwa na fungu kubwa. Gesi ya Msimbati ya kuzalisha umeme tunayo sawa, ila waya ukichomoka nguzoni gesi haina msaada wowote.

Nilikuwa na mashine mbili. Moja ikafa kimya, nyingine nilivyobonyeza ikawaka freshi nikasema alhamdulillah, nikaendelea na kazi.

Ile iliyokufa nikaipeleka kwa fundi, hata mfuniko hajafungua, "mazabodi hiyo kaka, tafuta nyingine," yaani ile bodi kuu ya ndani. Hii tabia inaniudhi sana jamani. Nikarudi nayo, nikachomoa pawasaplai, kile kiboksi kinachopokea umeme, kwenye mashine chakavu iliyokuwa stoo nikaichomeka, ikawaka. Pawasaplai ndo mlinzi wa getini, umeme wa ukutani unamkuta yeye kwanza na ndani ana fyuzi, mara nyingi anaungua yeye wa ndani wanapona. Sio kila siku inakuwa hivyo, lakini kwa nini uanze na kitu cha bei kubwa? Hata laptop, jaribu kwanza chaja nyingine inayofanana volti. Ila pawasaplai yenyewe usiifungue kama sio fundi, kapasita zake, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme, zinabaki na umeme hata ukiwa umeshachomoa waya.

Sasa ile nzima. Wiki ya kwanza poa. Ya pili ikaanza kujizima yenyewe katikati ya kazi, mi nikasingizia virusi, nikapiga windo upya, ikatulia siku mbili ikarudi kulekule, mwisho diski ikaanza tik tik tik na haikufunguka tena. Ndani kulikuwa na mtihani wa majaribio wa mwalimu mmoja, kurasa kumi na mbili, aliniachia nichape. Mwalimu aliniangalia tu, akachukua karatasi zake akaondoka. Tulivyofungua pawasaplai tukakuta kapasita mbili zimevimba vichwa kama maandazi. Kwa hiyo wiki mbili zote mashine ilikuwa inakula umeme mchafu na mimi nashukuru imepona.

Ndo maana nasema mashine iliyowaka baada ya shoti isikudanganye. Kabla hujaangalia kama intaneti inafungua, kopi mafaili yako yote weka kwenye diski ya nje, halafu ndo ufungue mfuniko uchungulie na unuse. Mimi pawasaplai nabadilisha hata kama inafanya kazi, kuna watu wataniambia nachoma hela, sawa, hela yangu.

Na ile ekstensheni yenye kitaa chekundu watu wanavyoiamini! Nyingi ni swichi na kitaa tu, hazizuii chochote.

Siku hizi umeme ukikata nachomoa kila kitu, ukirudi naangalia feni kwanza, ikizunguka kwa mwendo wake dakika kama tano ndo nachomeka. Dada wa saluni hapo jirani, ambaye siku ile alipoteza drayer, feni yake ikibadilisha sauti kidogo tu anapiga kelele "chomoaaa!" na mtaa mzima tunachomoa, juzi kumbe kapandisha feni namba tano mwenyewe.