Mgonjwa mwenyewe anasemaje?

Tarehe 30 Aprili 2015 Mahakama Kuu mjini Pretoria ilitoa amri iliyoishtua Afrika Kusini. Wakili Robert Stransham-Ford, ambaye saratani ya tezi dume ilikwisha kumsambaa mwilini, aliruhusiwa kusaidiwa na daktari kufa, na daktari huyo asishitakiwe. Jaji Hans Fabricius hakujua kuwa mwombaji alikwisha kufariki saa kama mbili kabla ya amri kutolewa. Desemba 2016 Mahakama ya Rufani ikaitengua, moja ya sababu ikiwa kwamba shauri lenyewe liliisha pale mwenye shauri alipokata roho.

Huwa naikumbuka kesi hii kila mjadala wa haki ya kuchagua kufa unapopamba moto, kama ulivyopamba moto Uingereza Juni 2025, wabunge wao walipoupitisha muswada wa kusaidiwa kufa kwa kura 314 dhidi ya 291. Kinachonigusa kuliko amri ya jaji ni kwamba Stransham-Ford alijua anachoumwa, alijua amebakiza muda gani, na alisema kwa kinywa chake anachotaka. Ukikubaliana naye au usikubaliane, sauti iliyosikika mahakamani ilikuwa ya mgonjwa.

Nieleweke mapema: sitaki sheria ya namna hiyo ije Tanzania leo. Ila simhukumu marehemu yule, na hoja nyingi ninazozisikia kwetu za kuufunga mjadala huu haziniridhishi, hata pale ninapofika mwisho uleule na wanaozitoa.

Wapo wanaosema haya ni mambo ya Wazungu. Askofu Desmond Tutu hakuwa Mzungu, wala hakuwa mtu wa kulichezea neno la Mungu. Mwaka 2014 aliandika kuunga mkono haki ya mgonjwa mahututi kusaidiwa kufa, na Oktoba 2016, alipotimiza miaka 85, akasema wazi kuwa yeye mwenyewe angependa awe na uchaguzi huo. Katika andiko lile la 2014 alimtaja Mandela. Wengi tunazikumbuka zile picha za televisheni za Aprili 2013: mzee ameketishwa kitini, blanketi miguuni, viongozi wamemzunguka wanatabasamu, kamera zinammulika, naye hatabasamu wala hasemi. Tutu aliona kuwa pale Madiba alivunjiwa heshima. Kwa hilo naungana naye kabisa. Siku ile kila mtu mle chumbani alikuwa na la kusema isipokuwa mgonjwa.

Hoja ya imani ni nzito zaidi, na ni yangu pia. Mimi ni Mkristo, naamini uhai nimepewa tu, si mali yangu. Lakini imani hiyo haijawahi kudai mtu afe akipiga mayowe. Papa Pius XII aliwaambia madaktari mwaka 1957 kwamba inaruhusiwa kutuliza maumivu ya mgonjwa hata kama huenda dawa ikafupisha maisha yake, mradi nia isiwe kuua. Kutuliza maumivu ni jambo moja, kuacha tiba isiyosaidia tena ni jambo la pili, na kumpa mtu dawa ya kumfisha ni la tatu. Kwetu yote matatu yanatiwa kapu moja, na wanaoumia kwa mkanganyiko huo ni wagonjwa ambao hawajawahi hata kuomba kufa.

Mama yangu mdogo alipata saratani ya umio. Ilianza kwa ugali kumkwama, ukafuata wali, hadi uji wenyewe ukawa unapita kwa shida. Siku ya majibu ya kinyama alichokatwa kwenda kupimwa, daktari alitokea mlangoni akauliza, “Mwanaume wa familia hii ni nani?” Mjomba akanyanyuka. Wakaingia, mlango ukafungwa. Mama mdogo alibaki kwenye benchi la korido, mapajani ameshika bahasha ya eksirei iliyoandikwa jina lake kwa kalamu nzito. Mjomba alipotoka alituvuta pembeni. “Asiambiwe. Akijua tu, anakata tamaa.” Akaambiwa ana vidonda vya tumbo.

Tangu hapo kila kitu kiliamuliwa bila yeye. Kiwanja chake kiliuzwa. Alipelekwa kwa mtu wa mitishamba, akarudishwa hospitali, akawekewa mpira wa kulishia, akarudishwa tena wakati anachoomba ni kulala kitandani kwake. Kundi la WhatsApp la michango lilikuwa na ndugu waliokuwa Mwanza na waliokuwa Toronto, yeye hakuwemo. Jioni moja nilipokuwa namfuta mdomo aliniambia, na sauti ilikuwa imebaki nusu pumzi, “Mwanangu, mimi si mtoto. Ninachoumwa nakijua. Waambie waache kuuza vitu.” Nikawaambia. Mjomba akasema ni ugonjwa unaongea huo.

Mjomba si mtu mbaya. Alimpenda dada yake hadi akaingia madeni ambayo bado anayalipa. Alifanya kile ambacho familia nyingi hufanya, na ambacho madaktari wengi wanakirahisisha kwa kumtafuta “mwanaume wa familia” kabla ya kumtazama usoni mwenye ugonjwa. Ndiyo maana nikisikia vijana wetu mitandaoni wakidai nasi tuwe na haki ya kuchagua kufa kama Uholanzi, ambako sheria hiyo ipo tangu 2002, najiuliza ni nani hasa atakayechagua. Mtu ambaye hata jina la ugonjwa wake amefichwa? Naogopa sahihi kwenye fomu itakuwa ya mgonjwa na uamuzi utakuwa wa kikao cha familia.

Tazama jimbo la Oregon, Marekani, ambako sheria imetumika tangu 1997. Mgonjwa lazima awe anatarajiwa kuishi miezi sita au chini ya hapo, madaktari wawili wathibitishe, na dawa ainywe kwa mkono wake. Kila mwaka serikali ya jimbo hutoa ripoti ya sababu ambazo wagonjwa walizitaja. Mtu angetegemea maumivu yawe juu kabisa. Hayapo juu. Kinachotajwa zaidi ni kupoteza uwezo wa kujiamulia mambo na kushindwa kufanya yale yaliyokuwa yakiyapa maisha ladha. Na katika miaka yote hiyo, zaidi ya wanne kati ya kila kumi wamesema waliogopa kuwa mzigo kwa familia na wanaowauguza. Ripoti hizohizo zinaonyesha pia kwamba takriban theluthi moja ya wanaoandikiwa dawa hawainywi kabisa. Hili wanaounga mkono wana haki ya kulitumia, na mimi sina jibu jepesi kwalo: kuna watu ambao kujua tu kwamba njia ipo kumewatosha, wakaishi siku zao za mwisho kwa utulivu.

Lakini ile hofu ya kuwa mzigo hainipi usingizi. Kwetu mzigo una risiti. Bibi kitandani anajua dripu imenunuliwa kwa ada ya mjukuu. Anajua zimekuwapo hospitali zilizozuia maiti mpaka deni lilipwe, na amesikia watoto wake wakinong’ona ukumbini kuhusu ng’ombe waliobaki. Mwambie mtu huyo kwamba sheria sasa inamruhusu kuondoka mapema, halafu uniambie kama jibu atakalotoa ni la hiari. Canada ilihalalisha jambo hili mwaka 2016. Mwaka 2021 ikaondoa sharti la kwamba kifo kiwe kimekaribia, na mwaka 2023 zaidi ya watu 15,000 walikufa kwa njia hiyo, karibu kifo kimoja katika kila 20. Watu wenye ulemavu huko wamelalamika kwamba ni rahisi kupata msaada wa kufa kuliko kupata nyumba inayofaa kwa kiti cha magurudumu. Na hiyo ni Canada, ambako daktari na kitanda cha hospitali vinalipiwa na serikali.

Turudi kwenye maumivu, kwa sababu kwetu bado ni jambo la kwanza hata kama Oregon si la kwanza. Mwaka 2017 jopo la wataalamu lililoundwa na jarida la Lancet lilikadiria kuwa kila mwaka dunia inagawa dawa za jamii ya morfini, ile dawa kali ya kutuliza maumivu, zinazofikia tani 298.5. Zinazofika kwenye nchi maskini kabisa ni tani 0.1. Hizo ni kilo mia moja, kwa mamilioni ya watu wanaokufa kwa saratani, UKIMWI na ajali.

Wala dawa yenyewe si ya ajabu. Uganda wameionyesha njia. Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, akaanza kutumia morfini ya maji: poda, maji, kihifadhi na rangi ya kutofautisha nguvu, kijani kwa ile hafifu, waridi na bluu kwa zile kali. Mgonjwa anakunywa nyumbani kila baada ya saa nne, na akienda kulala anapewa dozi maradufu ili asikurupuke usiku kwa maumivu. Mwaka 2004 Uganda ikabadili sheria ili wauguzi na maofisa tabibu waliopata mafunzo ya tiba shufaa, yaani tiba ya kumtuliza mgonjwa mahututi, nao waweze kuiandika, kwa sababu vijijini daktari ni wa kutafutwa kwa tochi. Hapa kwetu taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, wanaitoa morfini ya maji, na zipo hospitali za kanisa zenye timu za tiba shufaa zinazofika hadi majumbani. Ukitoka nje ya maeneo hayo, unaambulia panado.

Mama mdogo alikaa na panado kwa muda mrefu mno. Muuguzi mmoja wa tiba shufaa alipoitaja morfini, mjomba aligoma: “Hiyo wakishampa, ndio basi tena.” Tulibishana naye sana. Hatimaye chupa ikaja, kimiminika cha kijani na bomba la sindano lisilo na sindano la kupimia. Usiku ule alilala. Asubuhi akauliza kama kuku wamefunguliwa, akaomba redio. Siku zilizofuata ndipo alipozungumza kwa kirefu, kwa mara ya kwanza tangu augue. Akasema wapi azikwe, kanga zipi ziende kwa nani, na kwamba hataki kurudishwa hospitali. Yule muuguzi alikaa kwenye mkeka akamuuliza maswali yote yeye mwenyewe, mbele ya mjomba. Hakuna sheria mpya iliyohitajika kwa hilo.

Sheria tulizonazo zinasema nini? Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 216, inaweza kumpa hadi kifungo cha maisha anayemsaidia mwingine kujiua. Kifungu kinachofuata kinamfanya mhalifu hata yule aliyejaribu akanusurika. Kile cha kwanza kibaki. Cha pili kifutwe, maana mtu aliyefika hapo anahitaji daktari, na polisi hawana cha kumtibu. Kenya wameshafika: Januari 2025 Mahakama Kuu yao iliamua kwamba kumwadhibu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha katiba.

Ninachokitaka hapa ni cha chini zaidi ya kile alichokiomba Stransham-Ford, na bado hatuna. Mgonjwa mwenye akili timamu apewe majibu yake yeye kwanza, kisha achague nani mwingine ajue. Matakwa yake yaandikwe kwenye faili wakati bado anaweza kusema, na familia isiweze kuyafuta koridoni. Morfini ya maji ifike vituo vya afya, na wauguzi waliofundishwa waruhusiwe kuiandika kama Uganda. Bili isiwe sababu ya mtu kutamani kufa.

Tukiyafikia hayo, swali la Pretoria litakuwa swali la haki hata kwetu, na nitakaa kulijadili bila kujificha nyuma ya umaskini wetu. Nadhani hata hapo ningepiga kura ya hapana, kwa sababu ya ninachokiamini. Ila ningejua kuwa ninayemkatalia ni mtu aliyeambiwa ukweli, aliyetulizwa maumivu, na aliyesema mwenyewe.