Honi

Mdundo wangu wa kwanza wa singeli, ule muziki wa kasi wa Dar es Salaam, ulikuwa na chaneli 47. Nilizihesabu kwa fahari, kama mzee anayehesabu ng'ombe wa mahari. Humo mlikuwa na kiki tatu (kiki ya ngoma, si ile wanayotafuta mastaa), kipande cha fidla ya taarabu nilichokikimbiza mpaka kikalia kama mbu, zumari, kengele, jogoo wa bibi niliyemrekodi kwa simu, na honi ya bodaboda. Honi ndiyo iliyokuwa kipenzi changu.

MC wangu, kijana wa Manzese mwenye maneno mengi kuliko pumzi, alivaa hedifoni akasikiliza dakika nzima. Akazivua.

"Mwanangu, mimi nakaa wapi humu? Umepangisha mpaka korido."

Nikamwona mshamba.

Jumamosi tukaitwa kwenye kigodoro, ngoma ya usiku ya mtaani, Tandale, kichochoroni, watu wamebanana kama dagaa. Mdundo niliupaka rangi mpaka magharibi, sikupata hata muda wa kuutoa MP3. Nikaupiga hivyo hivyo kutoka ndani ya FL Studio, programu ninayotengenezea midundo.

Kwenye hedifoni zile kiki tatu zilikuwa radi. Kwenye spika za mtaani ziligombana zenyewe kwa zenyewe, ikasikika kama jirani anaburuta kabati. Hilo watu wangevumilia. Shida ilikuwa honi.

Spidi ilikuwa biti 240 kwa dakika, yaani baa moja ya biti nne kila sekunde, na honi niliipanga kila baada ya baa 16. Akina mama wakashika magoti, wakaanza. Piii! Kichochoro kizima kikapasuka katikati, migongo ukutani, kupisha bodaboda. Hakuna bodaboda. Wakacheka, wakarudi. Piii! Ukutani tena. Mara ya tano bibi mmoja akadondosha sahani ya pilau, akauliza hiyo pikipiki inakwenda wapi mbona haifiki.

"Mwanangu, toa honi!" MC akapaza kwenye maiki.

Ningeitoa, kama ningejua ilipo. Chaneli zangu nilizipa majina "mpya", "mpya 2", "mpya mpya" na "hii ndiyo". Nikaanza kuzima vitaa vya kijani vya chaneli kwa kubahatisha. Zumari likaenda. Jogoo akaenda. Kiki ya pili, ya tatu. Na kila nilichozima, watu walizidi kukatika. Iliniuma, jamani. Kwa ajili ya jogoo yule niliamka saa kumi na moja alfajiri.

Nilipoipata honi, zilikuwa zimebaki kiki moja, makofi na ile fidla. Nikasikia mistari ya MC yote kwa mara ya kwanza. Mama mwenye shughuli akaja kunitunza elfu kumi, akaninong'oneza:

"Baba, ule wa mwanzo ulikuwa wa kupimia spika?"

"Ndiyo, mama."

Kwenye saa sita usiku bodaboda ya kweli ikaingia kichochoroni na kreti za soda. Dereva akapiga honi. Hakuna aliyesogea. Akapiga tena, ndefu. Watu ndiyo kwanza wakazidi kuinama. Tairi likamgusa MC kisigino. MC akageuka, wala hakumtazama dereva, akanitolea macho mimi, maiki ikiwa mdomoni:

"Mwanangu, honi si nilisema toa!"