Kaburi la makaisari Vienna: watu waendelee kushuka au pafungwe?

Kuna watu wakisikia watalii wanalipa kiingilio kushuka chini ya kanisa la Wakapuchini (watawa wa Kikatoliki) pale Vienna, Austria, waone majeneza ya ukoo wa Habsburg, uliotawala Austria kwa karne nyingi, wanasema hiyo ni biashara ya maiti. Hoja yao ina uzito, sababu lile sio kaburi lililosahaulika, Otto, mtoto wa kaisari wa mwisho wa Austria, kazikwa mule 2011 na watoto wake wapo. Halafu wageni wanaingiza unyevu, na unyevu unakula yale majeneza ya madini taratibu.

Lakini jamani, wengi wanaolalamika wanadhani watu wanafuata kushangaa utajiri. Mule kuna kama watu 150 wa ukoo ule, na jeneza la Kaisari Karl VI lina sanamu ya fuvu limevalishwa taji la kifalme, sasa hapo utajiri uko wapi? Binti yake Maria Theresa, aliyetawala baada yake na kufariki 1780, kalala na mumewe kwenye jeneza moja kubwa mno limejaa sanamu, na miguuni pao pana jeneza la shaba, dogo, halina ua wala malaika. Huyo ni mtoto wao, Kaisari Joseph II. Ndo huyuhuyu aliyeamuru 1784 watu wazikwe kwenye magunia, jeneza liwe la kutumika tena na tena, lina mlango chini, maiti ikishashuka linarudi kanisani kumsubiri mwingine. Watu walikasirika mpaka mwaka uliofuata akarudi nyuma. Ukisoma tu unamwona katili, ila ukisimama pale ukalinganisha na la wazazi wake unaona kabisa jamaa hakuwa anawahubiria maskini peke yao. Kwenye picha ya simu hilo hulipati, maana hoja yenyewe ni ule ukubwa wa moja na udogo wa lingine.

Na kuna Karoline Fuchs, mlezi wa Maria Theresa, hana damu ya Habsburg hata tone, kazikwa mule 1754 kwa sababu mtoto aliyemlea alitaka hivo. Mlezi katikati ya makaisari! Mlango ukifungwa, atabaki kujulikana na wanahistoria tu.

Mi ningepunguza idadi ya watu wanaoingia kwa wakati mmoja, na chumba alicholala Otto kiwe cha sala, simu zikae mfukoni. Kwingine waache watu washuke, na kile kiingilio kiende kwenye kutengeneza majeneza.