Kaunta ya Hifadhidata Inapofika Mwisho

Karani wa mizani katika soko la mahindi la Kibaigwa, wilayani Kongwa, akiandika stakabadhi kwa kompyuta hajitungii namba. Hifadhidata, yaani programu inayotunza rekodi katika majedwali, ndiyo humpa inayofuata kutoka kwenye kaunta yake, na ni nadra mtu kuuliza namba hizo zinakomea wapi. Zinakoma. Safu ya jedwali yenye namba kamili za biti 32 (biti ni tarakimu moja, 0 au 1, katika kompyuta), ambayo wajenzi wengi wa mifumo wameizoea, huishia 2,147,483,647. Kinachobishaniwa ni kama kila jedwali lipewe biti 64 tangu siku ya kwanza, au hofu hiyo waachiwe wenye mifumo mikubwa ya ughaibuni.

Wanaotetea biti 32 wana hesabu za kuonyesha. Soko likitoa stakabadhi 20,000 kila siku bila kupumzika, namba zitatosha kwa zaidi ya miaka 290. Biti 64 huongeza baiti nne kwa kila rekodi, na kwa kuwa InnoDB, injini ya kuhifadhi data ya hifadhidata iitwayo MySQL, huurudia ufunguo mkuu (namba inayoitambulisha rekodi) ndani ya kila faharasa ya ziada (orodha ya kuharakisha utafutaji), jedwali la rekodi milioni 100 lenye faharasa tatu litabeba takribani gigabaiti 1.6 zaidi. Hoja hii ilikuwa nzito zaidi enzi diski zilipokuwa ghali, lakini ofisi yenye seva moja iliyochakaa bado ina haki ya kuitaja.

Udhaifu wa hesabu hiyo ni kudhani kwamba kila namba inayotolewa huzaa rekodi. Katika InnoDB, jaribio la kuingiza rekodi ambayo tayari ipo huweza kula namba. Katika PostgreSQL, hifadhidata nyingine, muamala (kundi la hatua zinazoandikwa kwa pamoja) ukibatilishwa, namba iliyokwisha kuchukuliwa hairudi. Orodha ya wakulima 50,000 inayopakiwa upya kila usiku juu ya rekodi zilizopo, hata asipoongezeka mkulima mmoja, yaweza kuteketeza namba milioni 18 kwa mwaka. Kama aliyejenga jedwali alibana matumizi akachagua safu ya biti 24, ambayo mwisho wake ni 8,388,607, kaunta itakauka kabla ya miezi sita huku jedwali likiwa na wakulima walewale 50,000. Anayehesabu rekodi badala ya kuitazama kaunta hataona dalili yoyote.

Siku hiyo ikifika, MySQL hujaribu kutoa tena namba ya mwisho na kuikataa kwa madai kwamba imerudiwa, ujumbe unaompeleka fundi kutafuta kosa mahali ambapo halipo. PostgreSQL husema wazi kwamba mfuatano, yaani kaunta yake, umefika kikomo. Data ya zamani husomeka kama kawaida; kinachokwama ni kuandika. Ndivyo ilivyokuwa kwa Basecamp, programu ya Marekani ya kuratibu miradi, tarehe 8 Novemba 2018, jedwali lake la matukio lilipofika 2,147,483,647, na wateja wakakaa karibu saa tano wakisoma bila kuweza kuandika. Mfumo wa kujengea programu uitwao Rails, ambao Basecamp imejengwa juu yake, ulikuwa umeshahamia biti 64 kwa majedwali mapya tangu toleo la 5.1 la mwaka 2017, lakini majedwali ya zamani hayajipanui yenyewe.

Hapo ndipo ninapoegemea upande wa biti 64. Kupanua safu katika jedwali lenye rekodi bilioni mbili huliandika upya jedwali zima huku likiwa limefungwa, na namba ile huwa imeshanakiliwa katika majedwali mengine, ripoti na programu za simu. Biti 64 nazo zina doa: JavaScript, lugha ya programu za kurasa za wavuti, kwa namba zake za kawaida haina uhakika na namba kamili iliyozidi 9,007,199,254,740,991, ingawa kufika huko kwa kuhesabu moja moja si jambo la kumkosesha mtu usingizi. Hata hivyo, sioni sababu ya kugusa jedwali la mikoa 31 ya Tanzania kwa ajili ya kanuni tu.

Wapo wanaopendekeza kuanza tena na moja baada ya kufuta rekodi za zamani. Pendekezo hili ndilo baya kuliko yote, kwa sababu stakabadhi ya karatasi iliyo mfukoni mwa mkulima haifutiki, na namba yake itaelekeza kwenye gunia la mtu mwingine. Namba za magari yetu zilikwepa mtego huo: tarakimu zikifika 999, herufi husogea mbele, na namba ya gari la zamani haipewi jipya.

Hila inayostahimilika zaidi wakati wa dharura ni kuirudisha kaunta kwenye hasi 2,147,483,648 na kuiacha ipande kuelekea sifuri, jambo linaloongeza zaidi ya namba bilioni mbili iwapo hifadhidata inaruhusu mfuatano wa namba hasi. Inanunua muda wa kupanua safu kwa utulivu, mradi programu zote zinazoisoma zikubali alama ya kutoa, na mradi karani wa Kibaigwa awe amekwisha kuelezwa kwa nini stakabadhi mpya zinaanza na kistari.