Tarehe ya ziara si ahadi mpaka avansi iingie

Eskoti, yaani mfanyakazi wa ngono anayepokea wateja kwa miadi, ametangaza ziara ya kikazi: Kolwezi, tarehe 12 mpaka 15. Usiku wa tarehe 11 tangazo linageuka: «nimeahirisha, sababu binafsi». Mteja anasonya: mwongo huyu. Mara nyingi kamwonea bure. Safari imeuawa na wateja watano waliomwandikia «njoo tu, niko», bila kutuma avansi, yaani sehemu ya malipo inayotangulia.

Tupige hesabu. Lubumbashi hadi Kolwezi ni kama kilomita 300 kwa kupitia Likasi. Tuseme nauli ya kwenda na kurudi ni dola 40. Chumba chenye mlango unaofungika vizuri, maji na jenereta, kwa sababu umeme wa SNEL, shirika la taifa, tunajua unavyokatika, ni dola 60 kwa usiku; siku tatu, 180. Chakula, teksi na megabaiti, 50. Hajapokea mteja hata mmoja, dola 270 zimekwisha toka. Ndiyo maana mwenye kuijua kazi hakati tiketi kabla ya kuona avansi mbili au tatu kwenye simu, siku tatu kabla ya kuondoka. Zisipoingia, anabaki nyumbani, na ana haki.

Kalenda nayo ina mambo yake. Katikati ya mwezi mishahara imekwisha liwa. Kolwezi huishi kwa kobalti. Februari 2025 serikali ya Kongo ilisimamisha kuiuza nje, na anayepanga ziara kule bila kufuata habari hizo anapanga gizani. Huku kwetu Lubumbashi kila Juni kuna DRC Mining Week, maonyesho ya madini: wanaotoka Kinshasa hutangaza tarehe kwanza, ndipo wanatafuta chumba, wanakuta hoteli zimejaa na bei imepanda. Kosa hilo ni lao.

Kuvuka mpaka ni kazi nyingine. Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kadi ya homa ya manjano ikikosekana, ziara ya Zambia inaishia hapo. Hata New Zealand, iliyoihalalisha kazi hii mwaka 2003, haimruhusu kuifanya mgeni mwenye visa ya muda. Na malaria haiombi ruhusa: dawa zake ni za siku tatu, sawa kabisa na urefu wa ziara.

Sababu kubwa kuliko zote haiandikwi popote, nayo ni usalama. Mteja anakataa kupiga simu ya sauti, hataki kutaja jina, au saa ya mwisho anahamisha mahali kutoka hotelini kwenda «nyumba ya rafiki». Huyo anafutwa. Wakifutwa wawili kati ya watatu, hesabu ya juu imevunjika. Dada hawezi kuyatangaza hayo hadharani, kwa hiyo anaandika «sababu binafsi», watu wanacheka.

Hata hivyo wapo wanaotangaza miji minne kwa mpigo ili waone wapi watajibiwa. Kupima maji si dhambi, mradi waandike kwamba tarehe ni za majaribio. Kula avansi na kunyamaza ni wizi, tusiupambe. Kwa maoni yetu avansi isizidi theluthi ya malipo. Akiahirisha yeye, arudishe yote ndani ya saa 24, pamoja na makato ya kutuma. Akijitoa mteja zikiwa zimebaki chini ya saa 48, avansi imekwenda.

Anayedai malipo yote kabla, kisha «falanga ya dereva», kisha «ya hoteli», hana ziara yoyote. Wengi humpima mtu kwa jina linalotokea kwenye M-Pesa kabla ya kubonyeza namba ya siri. Kipimo hicho ni kibovu: eskoti wa kweli hutumia jina la kazi, na la kwenye simu litakuwa jingine. Mwombe dakika moja ya video, uso wake uonekane. Hiyo ndiyo picha ambayo tapeli hana.